Kigari Kisichochezewa

Swali letu la safari hii laweza kuonekana la kitoto. Kitu cha kuchezea ambacho hakichezewi kamwe, je, bado ni kitu cha kuchezea?

Huko Marekani palikuwa na pikapu moja iliyoitwa Dodge Power Wagon. Asili yake ni magari ya kijeshi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita vilipokwisha ikauzwa kwa raia, na huko kwao iliendelea kuuzwa mpaka 1968. Haikuwa gari ya urembo hata kidogo. Iliinuka juu ya ardhi, ikasukumwa na magurudumu yote manne, na nyingi zilifungwa winchi mbele ya kukokotea magogo na magari yaliyokwama. Ilikuwa punda wa kazi.

Siku hizi gari hiyo huundwa kwa umbo dogo linaloenea kiganjani. Zinki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kikapakwa rangi, kikatiwa ndani ya boksi. Wanunuzi wengi ni watu wazima, nao hawalifungui boksi hilo, maana likifunguliwa tu bei yashuka. Basi gari iliyosifiwa kwa kupita matopeni, mfano wake haupiti hata juu ya meza!

Lakini bei hiyo yatoka wapi? Kigari cha zamani ni ghali kwa sababu vimebaki vichache vilivyo kamili. Na vimebaki vichache kwa sababu watoto walivizika mchangani, wakavikanyaga, wakavipoteza magurudumu. Tukumbuke kwamba vigari vya Matchbox, vilivyoanza 1953, vyasimuliwa kuwa vilitokana na binti wa fundi Jack Odell wa Uingereza, ambaye shuleni kwao waliruhusiwa kuleta tu kitu cha kuchezea kienecho ndani ya kiberiti. Biashara yote hii ilianzia mfukoni mwa mtoto. Mwenye boksi lililofungwa anadaiwa na watoto asiowajua.

Hata hivyo tusimwite mchoyo upesi. Pasipo yeye tusingejua kigari kilikuwaje siku kilipotoka kiwandani. Tena wako wanaokiweka kwa sababu baba yao aliendesha gari ya namna hiyo, na kumbukumbu ya baba si kitu cha kuchekwa.

Ila boksi nalo si ulinzi wa hakika. Vigari vingi vilivyotengenezwa kabla ya vita hivyo vilikuwa na zinki iliyoingiwa na risasi kidogo, basi vikapasuka na kumong'onyoka vyenyewe kabatini, bila kuguswa na mtu.

Wako wakusanyaji wanaonunua viwili vya namna moja. Kimoja hukaa ndani ya boksi lake. Cha pili hupewa mtoto wa nyumbani, na kabla mwezi haujaisha kimekwisha kwaruzika rangi, nacho kimebeba mawe.