Miaka 15 Iliyobanwa Kuwa Mitatu

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana Musoma. Mipango ya serikali hadi siku hiyo ilisema kila mtoto wa Tanzania Bara atakuwa na nafasi ya darasa la kwanza ifikapo 1989. Wajumbe waliona 1989 ni mbali mno, wakaamua lengo lifikiwe Novemba 1977. Kazi iliyopangiwa miaka 15 ikapewa mitatu.

Hatuna haki ya kuwacheka. Nchi ilipata uhuru ikiwa na wahandisi na madaktari wazalendo wa kuhesabika, na watu wazima walio wengi walikuwa wakitia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 1974 angefika 1989 akiwa na miaka 22, ameshaoa au kuolewa, jembe mkononi. Ni kiongozi gani mwenye moyo angemwambia mzazi wa Sumbawanga au Newala avute subira kwa sababu jedwali la wizara linasema hivyo? Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaandika katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba watoto walio wengi hawatavuka shule ya msingi, kwa hiyo shule hiyo lazima imtoshe mtu kuishi na kufanya kazi. Ukishakubali hoja hiyo, kumnyima mtoto darasa la kwanza ni kumnyima kila kitu.

Na mambo yalifanyika kweli, tena makubwa. Shule zilijengwa kwa nguvu za wanavijiji: wanaume wakifyatua matofali, akina mama wakisomba maji, fundi akilipwa kwa michango. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 1961 hawakufika nusu milioni, walivuka milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wazima nao hawakuachwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na jioni baada ya shamba watu walikusanyika chini ya mwembe au kwenye ofisi ya kijiji kwa kisomo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha wanavijiji kuzunguka redio. Wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Wasiojua kusoma, ambao miaka ya 1960 walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima, walishuka hadi kama mmoja katika kila 10 kufikia 1986. Ni nchi chache za Afrika zilizoweza kusema hivyo wakati ule.

Sasa tuingie darasani, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Madarasa yaliongezeka kwa miaka mitatu, lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo visingeweza kutoa hata sehemu ndogo ya walimu waliohitajika. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka kwenye shule za jirani wafundishe nusu ya siku na kujifunza nusu nyingine chini ya mwalimu mzoefu, huku wakisoma kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Baada ya miaka kama mitatu walikwenda chuoni kwa majuma machache, wakarudi na cheti. Ndio wale walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo lilibaki nao mpaka wakastaafu, mara nyingi likitamkwa kwa dharau wasiyostahili.

Mtazame mmoja wao. Ana miaka 18, wanafunzi wake wakubwa wana 15. Mbele yake wamekaa watoto 70 au zaidi, wengine kwenye magogo, wengine sakafuni. Kitabu cha hesabu ni kimoja, chake yeye. Anakopi maswali ubaoni, watoto wanakopi madaftarini, kengele inalia kabla hajasahihisha hata daftari 10. Akikwama kwenye sehemu, anairuka, kwa sababu mwalimu wake naye aliiruka alipokuwa darasa la sita. Watoto wake nao watairuka, na baadhi yao watakuja kuwa walimu. Upungufu unaoingia kwa njia hiyo hauonekani kwenye takwimu za uandikishaji. Kwenye takwimu, watoto 70 wako shuleni.

Wengi wa vijana wale walijituma kuliko tulivyostahili. Wapo waliojisomea kwa kibatari mpaka wakafika vyuo vikuu. Kosa lilikuwa la waliopanga, walioona kwamba chumba kikishaezekwa na rejista ikishajaa, elimu imepatikana.

Kisha ikaja mikosi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba hazina. Bei ya mafuta ilipanda, bei ya kahawa ikaanguka, fedha za kigeni zikakauka hata karatasi ya kuchapia vitabu ikawa adimu. Nchi ilipokubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mzazi alikuwa ameshaanza kutakiwa kuchangia gharama. Mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata kufika katikati ya mwezi. Watu wa rika langu wanamkumbuka mwalimu aliyeuza barafu na vitumbua kwa wanafunzi wake mwenyewe saa ya mapumziko, na yule aliyewabakiza walio na pesa kwa tuisheni, akiwafundisha jioni kile ambacho asubuhi hakukigusa. Hatukuwalaumu. Walikuwa na watoto wa kulisha.

Uandikishaji, uliokuwa umekaribia watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Kisomo nacho kikafifia. Mama aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 35 alihitaji kitu cha kusoma alipofika 40: gazeti la kijiji, kijitabu cha kilimo, barua. Magazeti ya vijijini yakapotea, maktaba za kata zikageuka maghala ya mahindi, naye akarudi kutia dole gumba. Kufikia sensa ya 2002, watu wazima karibu watatu katika kila 10 hawakujua kusoma na kuandika. Taifa zima lilipanda mlima, kisha likaserereka mpaka katikati.

Na hasara hiyo iligusa uchumi. Mwaka 1980 wafanyakazi wa Nairobi na wa Dar es Salaam walifanyiwa utafiti wa kulinganishwa, na mwaka 1990 wachumi John Knight na Richard Sabot wakachapisha kitabu juu yake. Kenya ilikuwa imeacha shule za sekondari za harambee ziote kila mahali. Tanzania ilikuwa imeibana sekondari makusudi, ili fedha ziende shule ya msingi. Walichokiona ndicho ninachotaka msomaji akishike. Miaka ambayo mfanyakazi alikaa shuleni ilikuwa na uzito wake, lakini kilichopandisha kipato chake hasa ni uwezo wake halisi wa kusoma na kupiga hesabu. Mwajiri alikuwa akilipia kilichobaki kichwani. Nchi inayogawa miaka ya shule bila kugawa ujuzi inawapa watoto wake kitu ambacho soko halitakinunua, na wao ndio watakaogundua hivyo wakiwa na miaka 20, bahasha ya vyeti kwapani.

Ungedhani tulijifunza. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto wakafurika, jambo jema kabisa. Mwaka 2004 ukafuata mpango wa sekondari, MMES, na kila kata ikaagizwa kuwa na sekondari yake. Wananchi wakatoa tena michango, mbuzi wa mtu akakamatwa kwa sababu hakutoa mchango wa darasa. Majengo yakasimama ndani ya muda mfupi wa kushangaza. Kisha yakaja maswali ya siku zote: nani atafundisha fizikia? Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa darasani, na wananchi, ambao hawakosi jina la jambo, wakawaita Vodafasta, yaani walimu wa chapuchapu. Wapo wanafunzi waliofika kidato cha nne hawajawahi kumwona mwalimu wa hisabati. Kiranja ndiye aliyenakili maelezo ubaoni kutoka kwenye kitabu kimoja cha shule.

Mwaka 2010 watafiti wa mpango wa Uwezo waliwapima watoto nyumbani kwao. Katika kila watoto watatu wa darasa la tatu, mmoja tu ndiye aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kiswahili, jamani, lugha wanayochezea. Miongoni mwa waliomaliza darasa la saba, wawili katika kila 10 hawakuiweza hadithi hiyo hiyo. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu mtihani. Na Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne cha 2012: karibu sita katika kila 10 walipata daraja la sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu mwingine wa alama, na idadi ya waliofeli ikapungua. Yaliyokuwa vichwani mwa vijana wale hayakubadilika hata kidogo.

Nayasema haya sasa kwa sababu tumefika Musoma mara ya tatu. Tangu Januari 2016 elimu hadi kidato cha nne haina ada. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliokusudiwa kukabili janga la UVIKO-19. Sera mpya, iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hesabu ya mtaala mpya, mwaka 2027 watamaliza pamoja watoto wa darasa la saba wa mwisho na wa darasa la sita wa kwanza, na Januari 2028 makundi hayo mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza siku moja. Mikutano ya hadhara tayari inazungumzia vyumba, viti na meza. Ni sawa, vyumba vinahitajika. Lakini nimesikiliza hotuba nyingi za wabunge na madiwani, na hesabu ya walimu husemwa mwishoni, kwa sentensi moja, wakati watu wanainuka kwenda.

Mwalimu wa shahada husoma miaka mitatu. Atakayefundisha kemia Januari 2028 lazima awe ameshaanza chuo, au awe ameshamaliza na yuko mtaani. Na mtaani wapo. Tangu ajira zilipodorora mwaka 2015, maelfu ya wahitimu wa ualimu wamekuwa wakiendesha bodaboda, wakiuza mitumba, wakijitolea kwa posho isiyofikia nauli, huku shule ya kilomita chache kutoka kwao ikikaa bila mwalimu wa hisabati. Miaka ya 1970 taifa halikuwa na walimu na liliwatengeneza kwa pupa. Leo tunao, tumewasomesha kwa mikopo ya umma, na wengi wao hatujawaajiri. Hili ni kosa baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu wale wa Musoma hawakuwa na pa kuangalia nyuma.

Ewe mzazi, mkutano wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa kuchangia darasa, changia. Kabla hujaondoka, simama uulize shule itapata walimu wangapi wa hisabati na sayansi kabla ya Januari 2028, na mtendaji aliandike swali hilo kwenye muhtasari pamoja na jibu alilopewa. Mbunge akija jimboni, mwulize hilo hilo. Na wewe uliye Dodoma na unapanga bajeti: waajiri wahitimu waliopo sasa, wapange vijijini ambako shule zinawalilia, na uwajengee nyumba ili wasikimbie. Muda uliobaki ni mchache kuliko ule waliojipa wale wa Musoma.