Mshindi, Mshinde na Rehema

Katika michezo mingi ya binadamu mshinde ana rafiki mmoja asiyemsaliti, naye ni wakati. Kwani hata timu ya kandanda iliyokwisha kufungwa mabao saba yajua kwamba saa inakwenda, na kwamba zikitimia dakika 90 mwamuzi atapuliza kipenga, apende mshindi asipende. Besiboli, mchezo ambao Wamarekani waliulea hata ukawa sehemu ya tabia yao, haukumwekea mshinde rafiki huyo. Hauna saa ya kuumaliza. Kila timu ina duru tisa za kupiga, na duru haifungwi mpaka wapigaji watatu watolewe. Na maadamu mtupaji hajaweza kuwatoa hao watatu, hana budi kusimama palepale juu ya kilima chake kidogo cha udongo katikati ya uwanja, atupe, apigwe, atupe tena. Kutokana na umbo hilo la mchezo huzaliwa swali ambalo naliona ni la dini na falsafa kuliko la michezo: mtu aliyekwisha kushindwa, walakini kushindwa kwake hakujakwisha, anastahili nini kwa aliyemshinda, na ana wajibu gani juu ya nafsi yake?

Tarehe 22 Agosti 2007, katika uwanja wa Camden Yards mjini Baltimore, timu ya wenyeji, Orioles, ilikabiliana na Texas Rangers katika michezo miwili ya siku moja. Siku hiyohiyo uongozi wa Orioles ulikuwa umetangaza kwamba Dave Trembley, aliyekuwa akikaimu umeneja, amethibitishwa kuiongoza timu mwaka utakaofuata. Na kama kwamba sudi ilitaka kumpa zawadi ya uteuzi, wenyeji wakatangulia kwa pointi 3 kwa 0. Kisha katika duru ya nne wageni wakapata 5, katika ya sita 9, katika ya nane 10, na katika ya tisa 6, jumla ikawa 30 kwa 3, idadi ambayo hakuna timu ya ligi kuu iliyokuwa imeifikia tangu mwaka 1897. Wes Littleton, mtupaji wa Texas aliyezishika duru tatu za mwisho, aliandikiwa rasmi sifa ya kuuokoa ushindi, kwa kuwa kanuni humpa sifa hiyo amalizaye duru tatu za mwisho hali timu yake inaongoza, ingawa anaongoza kwa kitu kisichoweza kuokolewa wala kupotezwa; watunga kanuni nao wana mizaha yao wasiyoikusudia. Baada ya mapumziko watu walewale wa Baltimore wakatoka tena kucheza mchezo wa pili, wakashindwa 9 kwa 7.

Mbele ya daftari la ligi, kushindwa 30 kwa 3 na kushindwa 1 kwa 0 ni kitu kimoja. Timu hucheza michezo 162 kwa msimu, na kila mmoja una uzito ule ule, wala hakuna deni linalobebwa kutoka Jumatano hadi Alhamisi. Tarehe 31 Agosti 2004 New York Yankees walipigwa 22 kwa 0 na Cleveland, tena nyumbani kwao, na wasitoke kileleni mwa kundi lao. Tarehe 16 Oktoba ya mwaka huo wao wenyewe wakawapiga Boston 19 kwa 8, wakawa wamekwisha kushinda michezo mitatu kati ya minne iliyohitajika, na Boston hao waliodhalilishwa mbele ya watu wao wakashinda yote minne iliyofuata, wakasonga mbele hadi wakautwaa ubingwa ambao hawakuwa wameuona tangu 1918. Wazee wa mchezo huo watakukumbusha pia fainali ya mwaka 1960, ambapo Yankees walishinda 16 kwa 3, na 10 kwa 0, na 12 kwa 0, wakakusanya pointi 55 dhidi ya 27 za Pittsburgh, na bado ubingwa ukaenda Pittsburgh kwa michezo minne kwa mitatu, pale Bill Mazeroski alipoupiga mpira ukavuka ukuta katika duru ya mwisho ya mchezo wa saba. Hesabu ni adilifu. Moyo ndio ambao haukusoma hesabu, na shabiki aliyekaa kitini akaona pointi 30 zikiingia moja moja hawezi kuambiwa kwamba ni kama moja tu.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa ambaye hakupata kushindwa mbioni, hata akaja bedui juu ya ngamia wake akampita. Masahaba wakaona uzito mkubwa, na Mtume akawafahamisha kwamba Mungu amejiwekea haki ya kutokiinua kitu cha dunia ila akishushe. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na kinachonivuta ni kwamba walioona uzito hawakuwa ngamia wala mwenyewe ngamia, walikuwa mashabiki. Mafunzo yale waliwekewa wao, na yalikuja wakati ambapo kipenzi chao kilikuwa kimepitwa mbele ya macho yao, si katika siku ya raha ambapo kila mtu ni hodari wa kuwaidhi.

Basi na mshindi je? Besiboli ina sheria zilizoandikwa, na ina desturi zisizoandikwa zenye nguvu kama sheria, na mojawapo yasema kwamba timu iliyokwisha kuwaacha wenzake mbali isiendelee kuiba vituo, yaani mkimbiaji kujinyakulia kituo kinachofuata bila ya mpira kupigwa, wala mpigaji wake asiupige mpira pale mtupaji amekwisha kukosea mara tatu mfululizo. Kwa maana mtupaji huyo, akichelea kumpa mpigaji kituo cha kwanza bure, atalazimika kutupa mpira laini ulionyooka, na kuupiga ni kumvizia mtu akiwa magotini. Tarehe 17 Agosti 2020 kijana Fernando Tatis Jr. wa San Diego, timu yake ikiongoza 10 kwa 3 dhidi ya Texas na vituo vyote vitatu vikiwa na wenzake, aliupiga mpira wa namna hiyo ukavuka uzio. Mtupaji aliyefuata wa Texas akautupa mpira nyuma ya mgongo wa mpigaji aliyefuata, akaadhibiwa kwa kufungiwa, na meneja wake naye akafungiwa. Mwaka uliofuata Yermín Mercedes wa Chicago White Sox, ambao walikuwa wakiongoza 15 kwa 4, alifanya vivyo hivyo katika duru ya tisa, na aliyemtupia hakuwa mtupaji kabisa bali mchezaji wa kawaida aliyetumwa huko kumalizia siku, akirusha mpira wa mwendo wa maili 47 kwa saa hali watupaji wa kweli hupita 90. Safari hii meneja wake mwenyewe, Tony La Russa, ndiye aliyemkaripia mbele ya waandishi.

Nakiri kwamba desturi hiyo ina murua ndani yake, kwani yamfunza mwenye nguvu kuwa nguvu si ruhusa. Lakini nina shaka nayo. Mtu anayemsamehe mdeni wake kwa sauti katikati ya soko amemvua nguo ilhali adhani amemvika, na timu inayolegeza mikono ili watu wote waone imelegeza imesema juu ya wapinzani wake neno zito kuliko pointi. Maulama wametufunza kuihofu riya katika sadaka, na sioni kwa nini tusiihofu katika michezo. Huruma isiyoonekana yawezekana: meneja huwapumzisha nyota wake duru ya saba na kuwaingiza vijana wa akiba, nao vijana wakapiga kwa moyo wao wote, kwa kuwa huenda hawapati siku nyingine. Hapo mshinde amepunguziwa adhabu bila ya kutukanwa.

Upande wa mshinde mambo ni magumu zaidi. Yule mchezaji wa kawaida anayetumwa kutupa mpira ni ishara ya timu kuweka silaha chini, na tangu 2023 ligi imeiwekea mipaka: timu inayofuatia yaweza kufanya hivyo tu ikiwa nyuma kwa pointi 8 au zaidi. Mashabiki hucheka, na wengine hupiga makofi mtu huyo akimtoa mpigaji mmoja, makofi ambayo mtupaji wa kweli hakuyapata mchana kutwa. Sitawalaumu. Wala simlaumu meneja, kwa maana mikono ya watupaji wake ni amana, na kesho kuna mchezo. Kuichosha mikono hiyo kwa ajili ya heshima ya mchezo uliokwisha kupotea ni israfu inayojiita ushujaa.

Walakini kuna wanaotaka kumfariji mshinde kwa hoja nisiyoikubali. Husema: usiondoke uwanjani, kwa kuwa tarehe 5 Agosti 2001 Cleveland walikuwa nyuma 14 kwa 2 mbele ya Seattle, timu iliyomaliza msimu huo na ushindi 116, nao wakashinda 15 kwa 14 katika duru ya 11, yaani ya ziada baada ya sare. Ni kweli, na waliokwisha kwenda kulala usiku ule waliamkia majuto. Lakini subira inayongoja malipo katika duru ya tisa ni biashara, na mfanyabiashara akiona soko limefungwa ana haki ya kufunga duka. Ikiwa twasema mshinde amalize zamu yake, lazima tuweze kusema hivyo hata pale tunapojua kwa yakini kwamba hatashinda.

Na hilo lilitokea Japani. Tarehe 18 Julai 1998, katika mashindano ya shule za sekondari ya mkoa wa Aomori, shule ndogo ya Fukaura, yenye wachezaji wachache ambao baadhi yao walikuwa wageni katika mchezo, ilikutana na Tōō Gijuku. Duru ya kwanza pekee iliingia pointi 39. Tōō Gijuku hawakulegeza: walipiga mipira 86 iliyofaa, wakaiba vituo 78. Baada ya duru ya tano, hesabu ikiwa 93 kwa 0, kocha wa Fukaura aliwauliza vijana wake kama wataka kuacha. Yafaa kujua walichokuwa wakipewa: timu inayojitoa huandikiwa, kwa kanuni ya besiboli, kushindwa 9 kwa 0, hesabu ambayo dunia ingeisahau kabla ya magharibi. Wakachagua kuendelea, huku majukwaa yakiwashangilia. Mchezo ukasimamishwa kwa kanuni baada ya duru ya saba, 122 kwa 0, na Fukaura hawakupata hata pigo moja lililofaa.

Nani aliyewatendea wema vijana wale? Nadhani wa kwanza ni wapinzani wao, waliowakimbilia kila mpira kama kwamba hesabu ni sare, na wa pili ni kocha, aliyeuliza akangoja jibu. Mwaka 2000 shirikisho la besiboli la shule za sekondari nchini humo liliisawazisha kanuni kwa mashindano ya mikoa yote: tofauti ikifika pointi 10 baada ya duru ya tano, mchezo husimama. Ni kanuni ya huruma, na kwa watoto wanaokimbia katika joto la Julai sithubutu kuipinga. Ila ingalikuwapo siku ile, ushinde wa Fukaura ungaliishia kwenye duru ya tano, na kocha asingalikuwa na la kuwauliza.