Mwonyesheni Ufa!

Wapendwa wa Homa Bay na Migori, ninyi mliotundika kibao cha kuuza nyumba langoni, nawasihi: mnunuzi akija, mwonyesheni ufa!

Najua mnavyofanya. Dalali amepiga simu kwamba mteja ameshafika Rodi Kopany, na boma zima linachachamaa. Kochi linasukumwa palipolowa. Kalenda inatundikwa juu ya ufa. Fagieni, sikatazi, fyekeni nyasi, fungueni madirisha, choo kinukie sabuni, kwa maana mgeni ni mgeni. Lakini kuficha ni wizi. Udongo wetu mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na ukuta wenye msingi mfupi hupasuka nao. Ukiupaka rangi leo, Januari itakushitaki! Sema ufa ulianza lini na fundi alisema nini. Atapunguza bei? Apunguze!

Na ninyi wa Mbita, Kendu Bay na Sori: mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia majumbani mwa watu. Ninyi wa Nyatike mnaujua Mto Kuja ukifurika. Mpelekeni mnunuzi mpaka pale maji yalipofika, apakanyage mwenyewe.

Someni Mwanzo 23. Ibrahimu amefiwa na Sara, anatafuta mahali pa kumzika. Efroni Mhiti hakumvutia kichochoroni. Waliuziana langoni pa mji, watu wakisikia. Shekeli 400 za fedha zikapimwa, na shamba likatajwa pamoja na pango lake, miti yake na mipaka yake. Wewe je? Unamleta mnunuzi saa moja jioni ili majirani wasijue! Waite majirani wa pande zote, wasimame penye ua, waseme wenyewe kwamba mpaka ni huu.

Na makaburi, jamani! Sisi huzika nyumbani. Baba amelala pale uani, nawe unamzungusha mnunuzi nyuma ya jikoni asiione saruji ile? Mpitishe pale pale. Semeni nani atapafyeka, na watoto watakuja kwa njia ipi siku wakitaka kuzuru. Lisiposemwa siku hiyo litasemwa kwa chifu, kisha mahakamani, na wakili hasemi bure.

Mama watoto yuko wapi? Umemtuma sokoni Oyugis ili wanaume wazungumze? Ole wako! Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa ya mke mmoja haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili. Nawe mwenye wake wawili, usicheke. Kaa nao wote wawili kabla ya kumwita dalali. Tena, kama ardhi ni ya kilimo, ombi lifike Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba; bila idhini yake mauzo ni batili. Kuna wanaume wanaoona haya kumwambia mke, lakini hawaoni haya kupokea arubuni!

Basi mama aketi nanyi sebuleni, asikie kila neno. Mnunuzi mpe nakala ya hatimiliki, aende kwa msajili wa ardhi akaipekue kabla hajatoa hata shilingi. Akisema ana haraka, anataka kulipa leo leo, mkatalie. Mwambie arudi akiwa na karatasi ya msajili.