Mzigo wa Anayeuguza

Jumanne

*Soma Hesabu 11:10–17. Musa alimwomba Mungu nini, na Mungu alimjibu kwa njia gani?*

Musa alikuwa mtumishi mwaminifu. Hata hivyo alifika mahali akakiri kwamba mzigo wa watu umemzidi nguvu, akaomba afe. Angalia jibu la Mungu. Hakumkemea, wala hakumwambia aongeze imani. Alimwagiza akusanye wazee 70, wauchukue mzigo pamoja naye. Sala ya Musa ilijibiwa kwa kupewa watu.

Wenyeji wa Tabora hawapati shida kulielewa fungu hili. Mji wao ulikua kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mwaka 1873, David Livingstone alipozidiwa na ugonjwa, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walimbeba kwa machela hadi kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia. Kisha waliuchukua mwili wake, wakapitia Kwihara karibu na Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Walifika kwa sababu walikuwa wengi. Mtu mmoja asingefika.

Wakati wa UVIKO-19, familia nyingi ziliuguza wagonjwa wao nyumbani. Desturi ni ndugu na majirani kufika na kupokezana zamu, lakini ugonjwa ule uliwazuia. Binti aliyemuuguza baba yake alipika, akafua, akakesha akisikiliza anavyopumua, huku akiogopa kuwaambukiza watoto wake. Baba akipona au akizikwa, binti alibaki hapati usingizi, ana hasira za ghafla, na anajilaumu kwamba angemwahisha hospitali. Kanisani wengi walimwuliza hali ya mgonjwa. Wachache walimwuliza hali yake mwenyewe.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha. Kuuguza hakujaisha. Kuna wanaouguza wenye kiharusi, saratani na kisukari, na baadhi yao wamo katika darasa hili.

Kuchoka kwao si dhambi, wala si upungufu wa imani. Eliya naye aliomba kufa, na kabla ya kumtuma tena, Mungu alimpa usingizi na chakula (1 Wafalme 19:4–8). Paulo anaagiza waamini wachukuliane mizigo (Wagalatia 6:2). Basi darasa liombe, kisha ligawane zamu: mmoja akae na mgonjwa Sabato asubuhi ili anayeuguza aje kuabudu, au alale, mwingine achote maji, mwingine apeleke chakula. Anayekosa usingizi kwa majuma mengi, au anayesema heri afe, asiachwe peke yake. Asindikizwe mapema kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Tiba ya akili haipingani na sala, kama vile dawa ya malaria isivyopingana nayo.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani katika kanisa lenu anauguza mtu mzima sasa? Mara ya mwisho alipumzika lini?
2. Kwa nini anayeuguza huona aibu kusema amechoka? Kanisa limechangiaje aibu hiyo?
3. Kabla ya kufunga kwa sala, pangeni zamu ya juma hili: nani ataenda, siku gani, kufanya nini?