Deni la Mgeni

Garmisch-Partenkirchen ni mji ulio karibu na Zugspitze, mlima wa mita 2,962, mrefu kuliko yote ya Ujerumani. Hauna msimu usio na wageni. Wakati wa baridi watu huteleza juu ya theluji. Theluji iyeyukapo malisho huchanua. Kiangazi hupandwa milima. Na majani yakianza kupukutika ng'ombe huteremshwa kutoka malisho ya juu. Ajaye huko mara nne kwa mwaka hudhani ameujua mji. Ameujua kweli?

Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Februari 1936, vibao vya kuwatukana Wayahudi viliondolewa ili wageni wasivione. Wageni walistarehe, wakarudi kwao. Novemba 1938 Wayahudi wa mji ule wakafukuzwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji afichaye kidonda haponi, na mgeni asiyeuliza haponyi. Kufurahia uzuri wa mlima si dhambi. Deni la mgeni ni kuuliza: nani hayumo katika karamu hii, na kwa nini? Majira huonyesha sura ya mji. Swali hufunua moyo wake.