Nyumba Kubwa, Watu Wawili

Leo nina swali linaloninyima usingizi. Je, mtu ambaye watoto wake wameshaondoka ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya vyumba vinne, wakati kijana mwenye watoto wadogo anahangaika kutafuta mahali pa kulala?

Swali lilinijia Januari, nikiwa na koleo mkononi. Hapa Minneapolis mwenye nyumba ana saa 24 tangu theluji ikome kusafisha njia ya waenda kwa miguu. Kijana mmoja wa kwetu alipita akanipokea koleo, kisha akauliza kwa adabu, "Mzee, nyumba yote hii mko wawili tu?" Yeye, mkewe na watoto wawili wamepanga apatimenti ya chumba kimoja.

Nilijitetea kwa hesabu za kazi yangu. Mhandisi hapimi daraja kwa wastani wa magari, hulipima kwa siku ya mzigo mkubwa. Nyumba yangu nayo, siku ya msiba, hupokea watu sitini. Lakini nilipohesabu kwa haki, mwaka jana siku kama hizo zilikuwa mbili, na moja tulikodi ukumbi. Kilichobaki ni fahari.

Hata hivyo wazee wana hoja. Aliyekopa mwaka 2021 huenda alipata riba ya chini ya asilimia 3. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa imepita asilimia 7. Kwa mkopo mpya, nyumba ndogo yaweza kumgharimu kuliko kubwa aliyonayo. Tena hizo ndogo ziko wapi? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya jiji iliruhusu nyumba za familia moja tu. Mpango uliopitishwa na baraza la Minneapolis mwaka 2018 uliruhusu hadi makazi matatu katika kiwanja kimoja, na mwaka 2023 Saint Paul nayo ikalegeza sheria zake. Lakini kujenga huchukua miaka. Kumwambia mzee ahame kabla hajapata pa kuhamia, karibu na majirani na kanisa au msikiti wake, ni kumfukuza kwa lugha laini.

Basi naona hivi: kumshurutisha mzee ni dhuluma, lakini mzee kukataa hata kujiuliza ni ubinafsi. Na wengi wetu tuna deni la ziada. Tumejenga nyumba nyingine kubwa nyumbani, Arusha au Kisii, anayeishi humo ni mlinzi. Nyumba mbili, na zote vyumba vyake vinalala giza.

Mama watoto aliniuliza, "Vyumba hivi tunamwekea nani?" Sikuwa na jibu. Tumeanza kutafuta nyumba ya vyumba viwili isiyo na ngazi. Tukiipata, kijana yule atakuwa wa kwanza kupigiwa simu.