Uzio wa Kumlinda Kipepeo

Kusini mwa Uingereza, kwenye vilima vya nyasi fupi, aliishi kipepeo mkubwa wa buluu mwenye madoa meusi. Wakusanyaji walimwinda kwa nyavu, wakamchoma pini na kumpanga kwenye masanduku ya vioo. Alipoanza kuadimika, lawama ziliwaangukia wao. Wenye uchungu naye wakatenga eneo, wakalizungushia uzio. Mkusanyaji akafungiwa nje, na ng'ombe naye akafungiwa nje. Baada ya miaka michache, ndani ya uzio hakukuwa na kipepeo hata mmoja.

Kiwavi wake huanza maisha kwenye maua ya thaimu. Akishakula wiki mbili au tatu hujiangusha chini na kungoja. Sisimizi mwekundu akimfikia, kiwavi humpa tone la majimaji matamu, kisha hujikunja na kujivimbisha mpaka akafanana na buu la sisimizi. Hata harufu ni ya kwao. Mwenyeji, akidhani mtoto wa nyumbani amedondoka njiani, humbeba hadi chumba cha kulelea. Humo mgeni hukaa karibu miezi kumi, akila mabuu ya waliompokea, wala hapewi jembe siku ya tatu. Sisimizi yule yule anayemrukia mdudu yeyote anayesogelea kiota humpita mla watoto bila kumgusa. Gizani mle jamaa hutambulikana kwa harufu, na aliyeweza kuighushi hana tena wa kumhoji.

Ni rahisi kumcheka sisimizi. Lakini wenye uzio nao walitazama kilichowapendeza macho: mabawa, na thaimu iliyoendelea kuchanua. Kwamba kiwavi hulelewa na sisimizi kulijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Sisimizi yupi, hilo halikumshughulisha mtu. Wekundu wote walionekana ni wale wale.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Jeremy Thomas alikaa na kundi la mwisho, majira baada ya majira, akifuatilia viwavi mpaka walikoingia. Akagundua kwamba karibu wote wanaofika ukubwani wamelelewa na sisimizi wa aina moja tu, Myrmica sabuleti. Huyu hutaka udongo uliopata jua. Nyasi zikirefuka sentimita chache tu, kivuli hupoza ardhi, naye humpisha ndugu yake anayefanana naye sana, ambaye kiotani mwake kiwavi hufa mara nyingi. Uzio uliondoa ng'ombe. Kwingineko wafugaji waliacha malisho ya vilimani, na ugonjwa ulioingia nchini mwaka 1953 ukawamaliza sungura waliokuwa wakizitafuna nyasi. Hakuna aliyemkusudia kipepeo mabaya, na waliompenda zaidi ndio waliomwondolea mlezi.

Jibu lilichelewa. Mwaka 1979 ilitangazwa kwamba ametoweka Uingereza.

Anayeruka huko leo asili yake ni Sweden. Waliletwa kuanzia mwaka 1983, baada ya mifugo kurudishwa vilimani. Siku hizi mahali papya hapapelekewi viwavi kwa sababu tu thaimu imestawi. Kwanza mifugo hulishwa nyasi mpaka ziwe fupi, kisha huwekwa chambo cha sukari chini, na watunzaji huinama kuhakikisha ni sisimizi gani wamekuja.